Vakansi, sukari na mtoto tuliyemwita "hiperaktifu"

Kila Julai, shule zikifungwa, nyumba nyingi za Lubumbashi hujaa watoto wa ndugu. Wanatoka Likasi, Kolwezi, Kipushi, nasi tunawapokea kwa mikono miwili. Na kwetu kumpokea mtoto ni kumpa kitu kitamu: bombo, yaani pipi, kutoka mfukoni mwa mjomba, chupa ya sukre (soda) Jumapili baada ya misa, keki kwenye sherehe ya komunyo, mandazi ya asubuhi, pamba ya sukari wakienda Zoo. Jioni watoto hao hao wakianza kuruka juu ya viti na kugombania mito, hakosekani mkubwa mmoja wa kutamka: "Ni sukari hiyo." Wote wanaitikia, hakuna anayeuliza. Nimeamua kuandika yaliyotokea nyumbani kwetu Bel-Air, komini ya Kampemba, kwa sababu imani hiyo inayoonekana ndogo ilimuumiza mtoto mmoja na ikatufanya tumsahau mwingine.

Mwaka huo kaka yangu, anayefanya kazi ya migodi Kolwezi, alinitumia kijana wake wa miaka 7. Basi halijafika bado, wifi yangu akanipigia simu. "Yaya, ule mutoto usimupatie kitu ya sukari. Iko hiperaktifu. Akikula bombo moja tu, bote mutakesha." Nikamwuliza ni daktari gani aliyesema hivyo. Hakukuwa na daktari. Jirani alilitamka neno hilo, hiperaktifu, la mtoto asiyeweza kutulia, mwalimu akalirudia kwenye mkutano wa wazazi, likamganda mtoto. Nikakubali. Mama akishaweka masharti juu ya mwanawe, anayebaki naye huyafuata.

Kuyafuata kulikuwa kazi nzito kuliko nilivyodhani. Tulipowapeleka watoto Zoo, wenzake walikamata pamba ya sukari ya rangi ya waridi, yeye nikamnunulia karanga. Kwenye komunyo ya mtoto wa jirani, mama mmoja alimnyang'anya kipande cha keki mkononi mbele ya watu, kwa nia njema kabisa, kwa sababu habari ilikuwa imekwisha kuzunguka. Kila akikimbia, mtu anauliza: "Nani amemupa sukari?" Akicheka kwa sauti, mtu anauliza tena. Binamu zake wa Ruashi walikuwa wakikimbia vile vile, na pengine kwa fujo zaidi, lakini wao walikuwa "batoto tu".

Halafu ikaanza kupotea sukari kwenye kopo la jikoni. Tukamkuta nyuma ya choo, vidole vimejaa chembe nyeupe. Mume wangu alimgombeza sana. Usiku, nikimfunika blanketi, maana Julai yetu ina baridi, aliniuliza: "Tantine, sukari ikiingia ndani yangu inafanya nini ambacho kwa wengine haifanyi?" Sikuwa na jibu, na swali hilo lilinizuia kulala.

Kabla ya kutafuta jibu kulikuwa na mengine. Jirani alitushauri tununue duka la dawa sirapu ya kumtuliza. Tuliuziwa bila karatasi ya daktari, hakuna aliyeuliza hata uzito wa mtoto. Kweli alilala, lakini asubuhi aliamka kama mgonjwa, mdomo umekauka, akisinzia mpaka saa nne. Baadaye daktari aliposoma chupa alituonyesha kuwa ni dawa ya mzio, na huo usingizi ni moja ya madhara yake tu. Ukiambiwa na mtu kwamba kuna sirapu ya kumpoza mtoto mtundu, tafadhali usikubali mpaka daktari aione. Pesa yetu ilipotea, lakini kinachoniuma ni zile asubuhi alizozikosa kucheza.

Mama yangu, nkambo wa nyumba, alikuwa na maelezo yake: ni minyoo, na minyoo inaletwa na vitu vitamu. Imani hiyo nimeikuta kila mahali nilipoishi. Lakini minyoo ya tumboni huingia kwa mayai yake yaliyoko kwenye udongo, kwenye mikono isiyonawiwa na mboga zisizooshwa vizuri. Bombo haizai mnyoo. Watoto wote walipewa dawa ya minyoo kama tunavyofanya kila vakansi, na hilo ni jambo zuri lenyewe, ila kukimbia kwa kijana hakukupungua hata kidogo.

Basi nikampeleka kwa daktari wa watoto. Alimpima, akamsikiliza, akaniuliza maswali ambayo sikuyategemea. Analala saa ngapi? Anakoroma? Maana mtoto mwenye mafindofindo makubwa anaweza kukosa pumzi nzuri usiku na mchana akawa hatulii. Anakunywa nini jioni? Nyumbani mpo wangapi? Darasani anamaliza kazi yake? Mwishoni nikamwuliza juu ya sukari, naye akaweka kalamu chini na kunieleza taratibu.

Imani hii ilipata nguvu Marekani katika miaka ya 1970. Daktari mmoja wa mzio wa California, Benjamin Feingold, alikuwa akisema kwamba rangi na ladha za kutengenezwa zinawasumbua watoto. Yeye alilenga rangi na ladha hizo kuliko sukari, lakini watu wakaiongeza sukari kwenye orodha, na ikaonekana ndiyo mkosaji mkuu. Wachunguzi wakaamua kupima. Mwaka 1994 Mark Wolraich na wenzake walitoa matokeo ya utafiti ambamo familia zililetewa chakula chote cha nyumbani: kwa wiki 3 chakula chenye sukari nyingi, wiki nyingine 3 kilichotiwa aspartame, na nyingine 3 kilichotiwa sakarini, ambazo ni vitia utamu visivyo sukari, pasipo familia kujua ni zamu ya nini. Kulikuwa na watoto 25 wa miaka 3 hadi 5, na 23 wa umri wa shule ambao wazazi wao waliapa kwamba sukari inawabadilisha. Tabia na akili za watoto zikapimwa kwa njia nyingi. Hazikutofautiana kwa namna yoyote ya maana. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakakusanya majaribio 23 ya aina hiyo, na jibu la jumla likawa lile lile.

Lakini lililonigusa ni jaribio jingine la mwaka huo huo wa 1994, lililofanywa na Daniel Hoover na Richard Milich. Walichukua wavulana 35 wa miaka 5 hadi 7, ambao mama zao walisema wanavurugwa na sukari. Wavulana wote walipewa kinywaji kisicho na sukari kabisa. Baadhi ya mama waliambiwa ukweli, wengine wakaambiwa mtoto amekunywa sukari nyingi. Wale walioambiwa sukari waliwaona watoto wao kuwa wasumbufu zaidi. Walipotazamwa wakicheza nao, walikaa karibu mno na mtoto, wakielekea kumkosoa na kumkodolea macho kuliko wale mama wengine. Kilichobadilika kilikuwa jicho la mama.

Nilitoka pale kifua kimenibana. Niliwaza lile jicho letu, sote tulivyokuwa tukimtazama mtoto mmoja katikati ya wengi.

Nyumbani hawakuniamini. Mume wangu alisema hizo ni hadithi za wazungu, watoto wao si kama wetu. Mama akacheka tu. Ndipo binti wa dada yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akaja na wazo: tujaribu wenyewe. Mama ana kisukari, na kabatini ana vidonge vya sakarini anavyotia kwenye chai. Binti huyo akachukua kazi ya kutengeneza maji ya ndimu kila siku, bakuli moja kubwa kwa watoto wote. Siku nyingine alitia sukari ya kawaida, ile inayovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, siku nyingine vidonge. Alirusha sarafu kuchagua, akaandika kwenye daftari alilolificha, na hakumwambia mtu yeyote. Watoto walikunywa saa kumi alasiri wakiwa wameshiba. Sisi wakubwa watatu, kabla ya kulala, kila mmoja aliandika kwenye kikaratasi: leo ilikuwa sukari au hapana, na kijana alisumbua kiasi gani.

Hatukuonyeshana majibu. Hilo ni la lazima. Mkianza kuzungumza mezani, mwenye sauti kubwa atawaambukiza wote. Na ladha ilipaswa kufanana. Mwanzoni vidonge vilikuwa vingi mno, utamu ukabaki ulimini, ikabidi apunguze na kuongeza ndimu. Sisi wakubwa hatukuonja kabisa.

Tulifanya hivyo muda mwingi wa Agosti. Siku ya kufungua daftari mama alikaa mbele, ana hakika. Siku aliyoiandikia alama mbaya kuliko zote, siku kijana alipovunja sahani na kumsukuma binamu yake ndooni, ilikuwa ya vidonge. Ilikuwa pia siku ambayo watoto wa Ruashi walikuja wote na wakacheza ndani ya nyumba kwa sababu ya vumbi. Jioni moja ya utulivu kuliko zote ilikuwa ya sukari: umeme ulikuwa umekatika, walikuwa wamepiga mpira kwenye lupango, uani kwetu, tangu mchana, wakalala mapema. Katika kubahatisha, sote watatu tulikosa karibu sawa na tulivyopata. Mume wangu aliligeuza lile daftari kurasa zote, kisha akaenda nje kumwita kijana, akamwambia mwenyewe kwamba sukari haimfanyi kitu ambacho kwa wengine haifanyi.

Najua jaribio la lupango si utafiti. Siku zilikuwa chache, na mambo mengine yalibadilika kila siku. Kwetu lilitosha kwa jambo moja, kutuondolea uhakika tuliokuwa nao. Mwenye kutaka kulifanya kwake, vidonge hivyo visigeuke kuwa mazoea ya watoto. Sisi tulivirudisha kabatini kwa mama siku ile ile. Na mtoto asijue kwamba ni yeye anayeangaliwa. Wote wanywe, wote watazamwe.

Daktari alinipa na sababu ambayo mama aliielewa haraka. Bukari (ugali) tunayokula inavunjwavunjwa mwilini na kuwa glukosi, yaani sukari ya damu, hiyo hiyo ambayo ubongo unaitumia kila dakika, na mwili una insulini ya kuipanga isizidi kwenye damu. Mama akasema: hata munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, unga wa mahindi hauna utamu mpaka utie mizizi ile, ndipo uji unakuwa mtamu, na hakuna aliyewahi kuogopa kwamba munkoyo utamfanya mtoto kichaa. Alisema kweli. Ile mizizi inavunja wanga na kuutoa kuwa sukari.

Basi ni nini kilichokuwa kinawarusha watoto jioni? Tulipoacha kutafuta mkosaji kwenye kopo, tuliona siku yenyewe. Wakati wa shule watoto wanalala saa mbili usiku. Vakansi tulikuwa tunawaacha mbele ya televisheni mpaka saa tano, saa sita. Na mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kama mtu mzima, mara nyingi anapandwa na wazimu wa kukimbia, analia kwa kitu kidogo, anapiga. Pamba ya sukari wanaila Zoo, kati ya umati na wanyama. Keki wanaila kwenye sherehe yenye muziki na watoto arobaini. Hata ukiwapa maji matupu pale, watapiga kelele. Sukari hufuatana na furaha, na sisi tukaibebesha mzigo wa furaha.

Kitu kimoja cha kweli ndani ya chupa tulikuwa tumekipuuza, nacho ni kafeini. Chupa ya kola ya sentilita 33 ina karibu miligramu 30. Kopo dogo la vile vinywaji vya kutia nguvu, la mililita 250, huwa na 80 hivi, na nimeona watoto wa shule ya msingi wakivinywa kandokando ya barabara. Chai pia inayo. Sisi tulikuwa tunawapa watoto chai nzito na mkate saa moja usiku, halafu tunashangaa hawalali. Tulihamishia chai asubuhi, jioni wakapata uji au maziwa, televisheni ikazimwa saa mbili. Siku chache za mwanzo zilikuwa vita. Baada ya hapo nyumba ilibadilika, na si kwa kijana peke yake.

Kuhusu rangi, nisiseme zaidi ya ninachojua. Utafiti wa Southampton, Uingereza, wa mwaka 2007 ulikuta kwamba mchanganyiko wa baadhi ya rangi za kutengenezwa pamoja na sodiamu benzoeti, dawa ya kuzuia chakula kisiharibike, uliongeza kidogo kutotulia kwa baadhi ya watoto. Tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unadai vyakula vyenye yoyote kati ya rangi hizo 6, kama tatrazini ambayo kwenye paketi huandikwa E102, viwe na onyo. Zile barafu za rangi kali za kwenye vifuko vya plastiki hazina paketi ya kusoma. Nimeziacha, pia kwa sababu sijui maji yake yametoka wapi.

Nilipompigia wifi kumweleza, alikasirika. Alidhani namwambia hajui kulea. Nilipaswa kusubiri aje mwenyewe mwishoni mwa Agosti, akae, aone daftari, amwone mtoto wake. Ukitaka kumwondolea mama imani kama hii, usianze na watafiti wa Marekani. Anza na kumwambia umeona amechoka. Wifi alikuwa peke yake na watoto wanne, mume kwenye zamu za usiku. Sukari ilikuwa kitu pekee alichoweza kukizuia.

Kijana bado anakimbia sana. Ndivyo alivyo. Mwalimu wake wa sasa anasema anamaliza kazi zake na kusubiri wenzake. Kama ingekuwa vingine, daktari alituambia la kufanya: ule ugonjwa wanaouita TDAH, wa mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili, hautambuliwi kwa jioni moja ya vurugu. Dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane katika sehemu zaidi ya moja, nyumbani na shuleni, kiasi cha kumzuia mtoto kuishi na kusoma kama wenzake. Mwenye mashaka hayo aandike anachokiona, amwombe mwalimu naye aandike, kisha aende kwa daktari wa watoto. Hapa mjini kuna pia kituo cha Joseph Guislain kwa mambo ya akili. Ugonjwa huo upo, na mtoto mwenye nao anahitaji msaada wa kweli, ambao kunyimwa bombo hakuwezi kuutoa.

Sasa yule mwingine. Binti yangu alikuwa na miaka 8, mtoto mpole, hana kelele. Kwa kuwa alikuwa mtulivu, hakuna aliyehesabu bombo zake. Wakati macho yote yako kwa binamu yake, yeye alikuwa anakaa pembeni na kitabu, bombo shavuni, moja ikiisha anatia nyingine, vakansi nzima. Septemba, shule zikifunguliwa, akaanza kulia usiku. Jino la nyuma lilikuwa na shimo jeusi. Shangazi mmoja akasema ni la utoto, litang'oka, litaota jingine, nasi tukangoja. Halikuwa la utoto. Gego la kwanza la ukubwa huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kwanza, ndiyo maana wazazi wengi hatulitambui. Likiharibika hakuna jingine linalokuja.

Daktari wa meno aliliokoa, kwa gharama iliyokula karibu nusu ya pesa niliyoweka kwa madaftari na nguo za shule. Alinieleza kwamba bakteria wa mdomoni wanageuza sukari kuwa asidi, na kila mara mtoto anapotia kitu kitamu, meno yanashambuliwa upya kwa muda. Kwa hiyo bombo kumi zilizonyonywa tangu asubuhi mpaka jioni ni mbaya kuliko kumi zilizoliwa pamoja baada ya chakula. Kwetu sasa vitu vitamu vinakuja baada ya chakula cha mchana, kwa watoto wote, wapole na watundu, kisha mlango unafungwa. Sukre ni ya Jumapili, chupa moja kwa wawili, maana chupa ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, kama vijiko 8 vya chai, wakati Shirika la Moyo la Marekani tangu 2016 linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 18 asifikishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima.

Jioni wanapiga mswaki kwa dawa yenye floridi, na mimi nasimama pale, kwa sababu mtoto wa miaka 7 bado hawezi kuyafikia ya nyuma vizuri. Kwenye boksi natafuta paandikwe floridi kati ya 1000 na 1500 ppm. Zile za bei ya chini kabisa sokoni wakati mwingine hazionyeshi kitu. Mwenye miaka 3 hadi 6 anapata kiasi cha punje ya njegere, chini ya hapo punje ya mchele. Daktari alitaka binti arudi kila baada ya miezi 6, na pesa ya ziara ijayo nimekwisha kuiweka kando, kabla ya ile ya Noeli.